Kivoi, Wazee wa Thome na Suala la Mrithi

Katika mwezi wa Agosti wa mwaka 1851, karibu na kingo za Mto Tana, Kivoi wa Kitui, tajiri wa pembe za ndovu ambaye jina lake lilijulikana tangu vilima vya Ukambani mpaka Rabai na Mombasa, aliuawa na wanyang'anyi katika shambulio la ghafula; na mgeni wake, mmisionari Johann Ludwig Krapf, akanusurika kwa kukimbilia mwituni, akatangatanga kwa njaa na kiu mpaka akarejea katika nchi ya watu wa Kivoi, ambako alipokewa kwa shutuma badala ya pole, kwa kuwa jamaa za marehemu walitaka kujua imekuwaje mgeni awe hai hali mwenyeji wake amekufa.

Habari hiyo husimuliwa aghalabu kwa ajili ya Krapf, ambaye mwezi wa Desemba 1849, akiwa mgeni wa Kivoi huyo huyo, aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui na kwa hilo akapata jina huko Ulaya. Lakini kwa mtu anayekaa leo Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, na kuona jinsi kampuni, benki, vyama vya ushirika na hata serikali za kaunti zinavyohangaika kila mkuu wao anapoondoka, limo ndani ya kisa hicho swali lenye uzito kuliko habari za mlima: je, nani alikikalia kiti cha Kivoi? Misafara yake ilikuwa ya mamia ya watu; biashara yake ilifika upande mmoja mpaka nchi zilizo karibu na Mlima Kenya, na upande wa pili mpaka bandarini; na mapatano yake yote, pamoja na wakubwa wa bara na matajiri wa pwani, yalisimama juu ya udugu, viapo na uaminifu wa nafsi yake. Alipoanguka pale mtoni, hakutokea mrithi aliyeweza kuyashika yote yale kwa mkono mmoja, na jamaa zake walibaki kumdai mzungu maelezo.

Hapana budi tueleze kwanza biashara yenyewe, maana ilikuwa kubwa, na vijana wengi wa Makueni hupita kila siku juu ya njia zake bila ya kujua. Wakamba walianza kwa safari za kutafuta chakula wakati wa ukame, walizoziita kuthuua, wakibadilisha mifugo na kazi za mikono yao kwa nafaka za jirani. Na njaa kubwa ya miaka ya 1830 ilizidi kuwasukuma wengi kuteremka pwani, wakaweka makazi katika nchi ya Warabai na Wagiriama na pembezoni mwa Mombasa. Makazi hayo yakawa ni vituo vya biashara. Kutoka Kitui na Ulu, upande wa Machakos, misafara ilishuka na pembe za ndovu, mifugo, asali na nta, ikapita Kikumbulyu, ndiyo nchi ya Kibwezi na Makindu ya leo, ikakata nyika ya Taru isiyo na maji, ikafika Rabai. Na iliporudi ilibeba nguo, ushanga, chumvi na masango ya shaba. Kwa muda wa miaka kama thelathini hivi, mpaka wafanyabiashara wa pwani walipoanza kupanda bara wao wenyewe kwa wingi katika miaka ya 1860, biashara ya pembe katika sehemu hii ya Afrika ilikuwa mikononi mwa Wakamba, nao waliiendesha bila ya mfalme, bila ya liwali na bila ya karani.

Waliwezaje? Jawabu liko thomeni. Thome ni uwanja ulio mbele ya boma, mahali pa moto wa wanaume, ambapo mtoto mwanamume alikaa jioni akisikiliza wakubwa zake wakizungumza kesi, mipaka, mahari na mvua, wala hakuruhusiwa kusema mpaka aulizwe. Hapo ndipo ilipoanzia ngazi ndefu ambayo Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyekaa Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliieleza kwa urefu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1920, na ambayo ofisa Mwingereza C. W. Hobley alikuwa amekwisha kuigusa katika kitabu chake cha mwaka 1910. Kijana aliyetahiriwa alikuwa mwanake, kazi yake vita, uwindaji na ngoma. Alipooa na kupata watoto akawa nthele, mtu wa makamo ambaye bado hana sauti barazani lakini sasa ana mji wa kuutunza. Na baada ya hapo ndipo alipoweza kuingia katika hirimu ya atumia, yaani wazee, nao pia walikuwa na daraja zao: wa kisuka, wa nzama, yaani baraza la hukumu, na juu ya wote wale wa ithembo, ambao pamoja na wanawake wazee walisimamia mahali patakatifu na kutoa sadaka za kuomba mvua.

Kila daraja ilikuwa na ada yake. Mtu hakupanda kwa kuwa ndevu zake zimeota mvi tu, wala kwa kuwa baba yake alikuwa mzee wa nzama. Alitoa mbuzi, akatoa ng'ombe dume, akatoa pombe, na wale waliomtangulia wakala na kunywa na kumtazama. Wazee wapya walichinja, wakachoma, wakagawa nyama kwa mujibu wa daraja ya kila mmoja, wakatumwa, na wakati huo wote walikuwa wakisikia jinsi hukumu zinavyokatwa na jinsi watu wawili wenye uadui wanavyopatanishwa pasipo mmoja wao kuaibishwa. Miaka ilipita katika khidima hiyo. Siku ambayo mzee wa nzama alikufa, baraza lilipungukiwa mtu mmoja, nalo likaendelea kukaa, kwa sababu nyuma yake walikuwapo wengine waliokwisha kuisikia kesi ya namna ile mara nyingi na kujua mzee marehemu angeitolea hukumu gani.

Nafikiri huu ndio ubora hasa wa utaratibu ule, nao wakubwa wa kampuni za siku hizi huupuuza wanapodhani kuwa kumwandaa mrithi ni kuandika jina la mtu katika bahasha na kulifungia kabatini. Wazee wa Ukambani hawakumteua mrithi wa mtu hata mmoja. Walichofanya ni kuhakikisha kwamba kila daraja ina watu wanaojifunza kazi ya daraja iliyo juu yake, wakiwa karibu kiasi cha kuona, na mbali kiasi cha kutoharibu. Na kwamba kujifunza huko kuna gharama ambayo mwanafunzi mwenyewe anailipa, ili asije akakidharau cheo alichokipata. Si utaratibu usio na ila. Maskini asiye na mbuzi alichelewa njiani, na wengine walikufa bila ya kufika nzama japokuwa akili zao zilizidi za waliokaa humo. Na wanawake, ambao sauti yao ilihitajiwa ithemboni mvua ilipokosekana, hawakuketishwa katika baraza la hukumu. Mambo hayo yalikuwa dhuluma wakati ule, na hakuna sababu ya kuyatia asali leo.

Katika safari na uwindaji palikuwa na uongozi wa aina nyingine. Kiongozi wa kikosi aliitwa muthiani, naye alichaguliwa na wenziwe kwa yale waliyomwona akiyafanya: anajua maji yako wapi, anajua kuisoma nyayo ya ndovu, hapotezi watu. Kabla ya kuondoka alishauriana na mganga juu ya siku na njia. Akiwa njiani amri yake ilitiiwa. Na safari ilipokwisha, naye akarudi kuwa mtu kama watu, akakaa thomeni katika daraja yake ya kawaida mbele ya wazee ambao pengine hawakuwahi kuiona bahari. Kwa hiyo Ukambani ulikuwa na shule mbili za uongozi zilizosimama pamoja, moja ya kufundisha subira na nyingine ya kufundisha ushujaa, na kila moja iliizuia nyenziwe isipite kiasi.

Biashara ya pembe ndiyo iliyoivunja mizani hiyo. Muthiani aliyefanikiwa safari baada ya safari alijilimbikizia ng'ombe, wake na wafuasi, akawa mmoja wa wale walioitwa andu anene, watu wakubwa, ambao ukubwa wao haukuisha safari ilipokwisha. Kivoi alikuwa mkubwa katika hao. Wageni wa pwani walimtafuta yeye, wala si nzama ya Kitui. Siri za njia zilikuwa zake. Na hata safari ile ya Tana ya mwaka 1851 ilikuwa yake, akiiongoza mwenyewe mbele, ilhali watu wengi wa msafara walitoroka vita vilipoanza. Sisemi kwamba kufa kwake peke yake ndiko kulikoiangusha biashara ya Wakamba, maana ndovu walikuwa wakipungua na matajiri wa pwani walikuwa na mtaji na bunduki. Ninasema kwamba mashindano yale yalipokuja, upande wa Kitui ulikuwa umekwisha kumpoteza mtu aliyekuwa amejifanya yeye ni nguzo, paa na mlango wa nyumba nzima, na hapakuwa na daraja ya watu waliofundishwa kazi yake.

Miongo michache baadaye ikaja kampuni yenyewe, kwa jina na kwa hati. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 chini ya uongozi wa William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Uskoti, ilijenga kituo chake Machakos mwaka 1889, na mwaka 1892 John Ainsworth akakabidhiwa kituo hicho. Na kwa jitihada za Mackinnon na rafiki zake ndipo ulipofunguliwa pia utume wa Waskoti huko Kibwezi mwaka 1891, ambao baadaye ulihamia Thogoto. Kampuni hiyo ilitawala nchi kubwa kwa fedha kidogo, wakuu wake wa Mombasa wakabadilishwa mara kwa mara, na Mackinnon, ambaye ndiye aliyekuwa roho yake, akafariki mwezi wa Juni 1893. Miaka miwili baada yake, mwezi wa Julai 1895, serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi na Kampuni ikatoka. Hazina ilikuwa tupu, hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba watu walioiamini Kampuni waliliamini jina la Mackinnon, na jina halirithiwi kama meli.

Kilichofuata kiliudhuru utaratibu wa wazee kuliko vita. Kwa sheria ya mwaka 1902 serikali iliweka wakuu wa vijiji, na baadaye machifu, watu ambao mara nyingi waliokotwa miongoni mwa wale waliokuwa tayari karibu na boma la mzungu, kama askari, wakalimani na wasimamizi wa wapagazi, na ambao umri wao na daraja yao thomeni havikuwastahilisha kutamka hukumu mbele ya wazee. Chifu alipata cheo kwa siku moja, na akakipoteza kwa siku moja. Nzama ilibaki ikisikiliza kesi ndogo ndogo, na vijana, ambao wana macho, wakaona kwamba njia fupi ya ukubwa iko boma, wala haimtaki mtu mbuzi, wala subira, wala kimya. Tangu hapo Ukambani, kama sehemu nyingi za Kenya, ulizoea kumsubiri kiongozi ateremshwe kutoka juu, na mazoea hayo bado hayajatutoka.

Ila mwaka 1938 palitokea jambo la kutia moyo. Serikali iliamua kupunguza mifugo ya Ukambani kwa nguvu, ikisema ardhi inaharibika, wakati kule Athi River kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kikihitaji ng'ombe; na watu wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu wakaunda chama chao, Ukamba Members Association, wakatembea kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, mpaka Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma, wakimtaka Gavana Brooke-Popham awasikilize. Muindi akakamatwa na kupelekwa Lamu. Aliyetoa amri hiyo bila shaka alitumaini kwamba kichwa kikiondolewa kiwiliwili kitalala. Lakini Isaac Mwalonzi, Elijah Kavulu na wengine walikuwapo, nao hawakuwa wapambe wa Muindi bali wenziwe, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikauacha mpango wa kuwanyang'anya watu ng'ombe wao kwa nguvu. Kwa maoni yangu, tukipima uongozi kwa kile kinachobaki baada ya kiongozi kuondolewa, Muindi alimzidi Kivoi.

Baada ya vita vya pili vya dunia, wakati makazi mapya ya Makueni yalipofunguliwa katika nyika iliyokuwa ya mbung'o, kazi ya kuchimba makinga-maji ilifanywa na mwethya, vikundi vya kusaidiana vya jirani, ambavyo kwa sehemu kubwa vilikuwa vya wanawake na vilijichagulia viongozi wao. Huko ndiko wanawake walionyimwa nzama walikojifunza kuhesabu siku za kazi, kugawa zamu na kumwambia mvivu ukweli.

Wote wenyewe ni mji mchanga. Ulipata kuwa makao ya wilaya Makueni ilipokatwa kutoka Machakos mwaka 1992, na makao ya kaunti serikali za ugatuzi zilipoanza mwaka 2013, Profesa Kivutha Kibwana akiwa gavana wa kwanza na Adelina Mwau akiwa naibu wake. Mwanzo ulikuwa mgumu. Ugomvi wa serikali ya kaunti na bunge lake ulifika hadi risasi kufyatuliwa mjini Wote mwaka 2014, na wananchi wakatia saini ombi la kutaka kaunti yao ivunjwe ili wachague upya. Tume iliyoundwa ikashauri kaunti isimamishwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Wengi walidhani Makueni imekwisha. Lakini katika miaka hiyo hiyo serikali ya kaunti iliendelea kujenga utaratibu wa mabaraza, kuanzia kijiji, kupitia makundi ya vijiji na wadi, 30 kwa idadi, hadi kaunti ndogo 6 na kaunti nzima, ambapo watu huchagua kamati za maendeleo, hupanga bajeti, na hukagua kama bomba la maji lililolipiwa limefika kweli. Mwanakamati wa kijiji aliyefanya kazi vizuri huonekana na wadi, na wa wadi huonekana na kaunti. Wanawake wamo. Hapaombwi ng'ombe dume. Sijui kama waliobuni mpango huo walikuwa wakiifikiria nzama, ila mzee wa mwaka 1910 angalikuja akaketi katika mkutano wa namna hiyo angalielewa upesi kinachofanywa.

Kibwana alipomaliza mihula yake miwili, ambayo ndiyo mwisho kwa mujibu wa Katiba, wananchi walimchagua Mutula Kilonzo Junior mwezi wa Agosti 2022. Wapo waliosema kwamba huo ni urithi wa jina, kwa kuwa baba yake, seneta wa kwanza wa Makueni, alifariki mwezi wa Aprili 2013, na mwana akakichukua kiti chake katika uchaguzi mdogo wa mwezi wa Julai. Naona maneno hayo yana nusu ya ukweli. Jina lilimfungulia mlango wa Seneti; lakini alikaa humo miaka tisa akizichambua sheria za ugatuzi na hesabu za kaunti nyingine kabla ya kukabidhiwa kaunti, na miaka tisa ni muda ambao hata wazee wa kisuka wangaliuheshimu. Mabaraza ya vijiji yaliendelea, na kiwanda cha maembe cha Kalamba hakikufungwa kwa kuwa aliyekianzisha amekwenda zake.

Katiba yetu imetuhakikishia jina la mrithi: gavana akifariki, naibu huapishwa, kama Nyeri ilivyoona mara mbili katika mwaka 2017, na Bomet mwaka 2019. Kampuni hazina Katiba ya namna hiyo, na hata zile kubwa hushikwa na hali ngumu. Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom tangu mwaka 2010, alifariki tarehe 1 Julai 2019. Maradhi yake yalikuwa yakijulikana kwa muda. Na hata hivyo bodi ilimwita Michael Joseph, mkuu wa zamani, akaimu, na Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kukishika cheo hicho kwa kudumu, akaingia ofisini mwezi wa Aprili 2020 akitokea kampuni nyingine. Kampuni haikuyumba, nayo yastahili sifa kwa hilo. Lakini ndani ya kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi, mrithi alitafutwa nje na kaimu akatolewa miongoni mwa waliokwisha kustaafu. Mzee wa nzama angaliuliza kwa upole: wale waliokuwa wakichoma nyama hapa miaka yote hii, mliwafundisha nini?

Nawaomba basi wakurugenzi wa kampuni zetu, na wale wa vyama vya ushirika vya maembe na maziwa hapa Makueni, wakitaka kuandaa viongozi wasianze na semina za hotelini. Wamketishe kijana katika kikao cha bodi akiwa hana kura, mwaka wa kwanza na wa pili, ayaone mapatano magumu yanavyofungwa. Wampe tawi dogo aliendeshe, kisha wamrudishe chini ya mkubwa mwingine. Na njia za biashara, wateja na siri za mapatano zisikae katika kichwa cha mtu mmoja hata akiwa ni hodari kama Kivoi. Na serikali ya Kaunti ya Makueni naiomba jambo moja: iandike, kabla ya uchaguzi wa mwaka 2027, majina na kazi za wale wote waliokaa katika kamati za vijiji tangu mwanzo, ihifadhi daftari hizo Wote, na izifungue kwa kila mtu atakayetaka kujua nani amekwisha kufanya kazi gani, wapi, na kwa muda gani.